Maswali Manne ya Mama Soli

Jumatatu, tarehe sita mwezi wa tano. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu, yale manyunyu ya kichokozi yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Mama Soli alizianua ngozi kwenye kamba ya barazani, akazitandaza juu ya meza ya kazi, akafuta mikono kwa aproni, kisha akakaa na daftari lake la darasa la jioni. Siku hiyo alitaka kuchagua. Kabla ya chai alikuwa ameomba hivi: "Mungu wangu, mambo haya siyajui, lakini watu wewe unawajua. Nionyeshe mtu, hayo mengine nitajifunza."

Mama Soli alikuwa fundi viatu, lakini si wa viatu vyote. Aliwashonea watu ambao miguu yao haikulingana, mmoja mrefu na mwingine mfupi, au mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Kiatu kimoja alikitia soli ya kawaida. Cha pili alikitia soli ya tabaka tatu, nne, hata saba, mpaka mwenyewe akisimama mabega yake yalale sawa kama pima maji. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Soli, na majina yake ya kitambulisho yakasahaulika kama kovu la chanjo: lipo, lakini nani analitazama?

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, na karakana yao waliiita Hatua Sawa. Ukutani zilipangwa kalibu, yaani miguu ya mbao ya kushonea viatu, kila mmoja umeandikwa kwa penseli ni wa nani na wa upande gani. Mtu mzima akiingia mara ya kwanza alishtuka. Mtoto alicheka.

Kilichomkalisha chini na daftari, badala ya patasi, kilikuwa kisa cha namba ya simu.

Kwa miaka mingi wagonjwa waliwapata kwa namba moja. Namba hiyo ilikuwa imesajiliwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu siku ya kununua laini marehemu alikuwa amesahau kitambulisho nyumbani. "Si tunaaminiana? Sisi ndugu," walisema, wakaaminiana. Shemeji huyo alikuwa fundi wa kufunga madishi ya televisheni, na watu walimwita Antena. Kampuni ya simu ilipotangaza kwamba kila mwenye laini ahakiki usajili wake, Antena alihakiki laini zake tatu, hii ya nne akaisahau. Ikafungwa. Baada ya muda ikauzwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa muuza kuku.

Mama Soli alipata laini mpya na akawaarifu wale aliokuwa na namba zao. Wengine je? Hilo alilielewa siku mama mmoja kutoka mbali alipoingia karakanani amemshika binti yake mkono. Mtoto alikuwa na miaka tisa na alivaa kiatu alichoshonewa akiwa na saba. Vidole vimejikunja ndani, soli imekuwa fupi kwa mguu uliorefuka, na nyonga imeanza kukaa upande.

"Miezi minane nimepiga simu," mama yule alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Kila nikipiga naambiwa, kuku wapo, unataka wangapi?"

Daktari wa viungo, yule aliyekuwa akiwapa wagonjwa wake karatasi yenye namba ya Hatua Sawa, aliposikia habari hiyo aliifuta namba. Hakugombana na mtu. Ila Mama Soli alipomwendea na namba mpya alitikisa kichwa. "Namba nyingine ya kupotea sitaki. Nataka anwani ya kudumu, ambayo hata simu ikibadilika mtu ataikuta pale pale. Ijumaa ya tarehe ishirini na nne mwezi wa tano nitapita kwako mchana. Jioni hiyo karatasi mpya zinakwenda kuchapwa. Nikiikuta, naiandika. Nisipoikuta, basi tena mpaka mwakani."

Mwakani! Mtoto anaweza kupinda nyonga mara mbili kabla ya mwakani.

Ndipo Mama Soli, akiwa na miaka hamsini na sita, alipojiandikisha darasa la jioni la kompyuta, nyuma ya ofisi ya ushirika wa mafundi. Chumba kilikuwa na kompyuta nane na wanafunzi kumi na tisa. Antena aliposikia alicheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji, samaki mkunje angali mbichi. Wewe umekwisha kukauka!"

"Samaki mkavu hulowekwa," alijibu Mama Soli. "Wewe uliyeoza ndiye wa kuhurumiwa."

Darasani mwalimu aliwaeleza mambo kwa lugha ya nyumbani. Tovuti ni nyumba, alisema, na jina lake ni kibao cha mlangoni. Vitabuni kibao hicho huitwa jina la kikoa. Hukichongi mwenyewe. Kuna kampuni zinazoandikisha majina hayo, zinaitwa wasajili, na unalilipia jina lako mwaka kwa mwaka. "Ukisahau kulipia, kibao kinang'olewa, na mwingine anaweza kukichukua."

Wanafunzi wengine waliandika. Mama Soli alisikia sauti za kuku.

Basi asubuhi hiyo ya manyunyu alikuwa na majina ya wasajili watatu na maswali manne, yote yamepigiwa mstari kwa rula. La kwanza: jina litaandikwa la nani? La pili: mwaka wa pili itakuwaje? La tatu: nikitaka kuhama mtaniachia? La nne: nikipoteza funguo, yaani maneno ya siri, mtanijuaje?

Antena aliingia akijipangusa manyunyu, akakuta simu iko juu ya meza na binti wa mwisho wa Mama Soli, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, ameshika penseli. Kitinda ndiye aliyekuwa akishona ngozi za juu siku hizi, na mkono wake ulikuwa umeanza kufanana na wa baba yake.

"Mnahangaika na nini?" Antena aliuliza. "Mimi nina akaunti tayari kwa msajili mmoja, nina majina matatu huko. Nakuongezea la nne, bure kabisa, dakika mbili."

"Litaandikwa la nani?"

"Langu, si ndiyo akaunti yangu? Shemeji, tunaaminiana..." Hapo alisita mwenyewe. Kitinda aliinamia daftari ili asicheke.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," alisema Mama Soli polepole. "Ya kwako niliwahi kuivaa, baba, na makalio yangu yakaonekana mpaka kwa muuza kuku. Kaa hapo usikilize. Chai ipo."

Antena alikaa.

Fundi viatu haijui ngozi kwa rangi. Huishika pembe mbili, huikunja kwa ndani, kisha hutazama mgongoni. Ile mbovu hupasuka mistari midogo kama udongo wa kiangazi. Mama Soli hakujua kompyuta, lakini kukunja alijua, na swali alilitumia kama vidole.

Msajili wa kwanza alikuwa mkubwa sana, wa mbali, na tangazo lake lilimeremeta. Kwenye simu hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya kusema bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza nyota. Mama Soli alibonyeza mpaka kidole kikachoka, akarudishwa alikoanzia. Wakati huo Kitinda alikuwa akisoma maandishi madogo chini ya tangazo, yale ya ukubwa wa sisimizi.

"Mama, mwaka wa kwanza ni sawa na soda mbili. Mwaka wa pili ni kreti."

"Andika: imepasuka."

Wa pili alikuwa mtu, kijana mwenye sauti tamu kama anauza sabuni. Alisema "mama yangu" mara saba kabla hajaulizwa lolote.

"Mwanangu, jina litaandikwa la nani?"

"Lako, mama yangu! Yaani, kwenye kitabu litakuwa letu, ila ni lako. Tunakushikia tu."

"Mnanishikia?"

"Kwa usalama wako, mama yangu."

"Na nikitaka kuhama?"

"Mama yangu, kwa nini tuzungumzie kuachana na hata hatujaoana?"

Antena alicheka kwa sauti, kwa kuwa mzaha ulikuwa mzuri. Mama Soli naye alitabasamu, akamshukuru kijana, akakata simu. "Mzaha mzuri," alisema, "lakini swali hakulijibu. Andika."

Wa tatu alikuwa dada mwenye mafua. Alipiga chafya mbili ndipo akasalimu. Kwa swali la kwanza alisema: la mteja, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. La pili: bei ile ile, na ikibadilika tunakuandikia miezi miwili kabla. La tatu: tunakupa namba ya siri ya kuhamia, unaondoka nayo, hatukugandi. Likafika la nne.

"Nikipoteza funguo zote, mtanijuaje kuwa ni mimi?"

"Mama, kusema kweli hilo sijui. Hajawahi mtu kuniuliza. Nisubiri niulize, nitakupigia."

"Huyo hakupigii," alisema Antena. "Hiyo ndiyo lugha ya kukutoa mlangoni."

Mama Soli alichukua shazia, ile sindano nene, na kuanza kushona ukingo wa kiatu. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, na waliomjua walijua kwamba anaomba. Chai ilipoa. Antena alitazama saa ya ukutani. Baada ya dakika arobaini simu ililia.

"Mama wa swali la nne?" Ilikuwa sauti ile ile ya mafua. "Nimeuliza. Utaleta picha ya kitambulisho na stakabadhi ya malipo, halafu tutakupigia simu utaje majina yako kama ulivyoyaandika mwanzo. Yakilingana, tunakufungulia. Kwa hiyo yaandike vizuri."

Mama Soli alishusha kiatu. "Andika, Kitinda: hii imekunjika, haikupasuka. Ndiye huyu."

Walifungua fomu kwenye simu ya Kitinda. Penye jina la mwenye mali Antena alipendekeza waandike Mama Soli. "Nani asiyekujua?" Lakini Mama Soli alitoa kitambulisho kwenye kanga, akavaa miwani, akamsomea binti yake majina matatu, herufi kwa herufi.

"Kumbe una majina matatu?" Antena alishangaa. "Miaka thelathini nakula kwako!"

"Ulikuwa unatazama sahani."

Fomu ikauliza anwani ya barua pepe. Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kimya kimya, kama mchanga kwenye soksi. Mama Soli hakuwa na anwani yake. Kwa kuwa kompyuta zilikuwa nane na wanafunzi kumi na tisa, mwalimu alikuwa amefungua sanduku moja la barua kwa darasa zima, neno la siri limeandikwa pembeni mwa ubao kwa chaki ya njano. Wote walilitumia: mshona mashuka, mwenye duka la rangi, fundi bomba mstaafu, na Mama Soli. Kwake yeye ndiyo iliyokuwa barua pepe, kama vile bomba la mtaa linavyokuwa maji. Akaitaja bila kufikiri. Kitinda akaandika, akalipa kwa simu, na jina la Hatua Sawa likawa lao. Mama Soli alifumba macho, akasema "Asante" moja tu, akarudi kwenye kiatu.

Wiki mbili zilikwenda vizuri kupita kiasi. Mwalimu alimsaidia kupanga ukurasa mmoja: picha ya jozi ya viatu, ramani, siku za kazi, namba ya simu. Mchora mabango aliandika anwani juu ya mlango kwa rangi ya buluu. Siku ya Ijumaa ya tarehe kumi na saba darasa lilifungwa kwa soda na vyeti, na Mama Soli alikibandika cheti chake kati ya kalibu mbili, ya kulia na ya kushoto, kama mtoto aliyesimamishwa na wazazi.

Jumatano, tarehe ishirini na mbili, Kitinda alifungua tovuti ili aongeze picha. Badala ya viatu palikuwa na ukurasa mweupe na mistari miwili: jina hili limesimamishwa, mwenye jina hakuthibitisha anwani yake ndani ya siku kumi na tano.

"Mama," aliita, na sauti yake ilikuwa ile ya utotoni ya kuvunja glasi.

Mama Soli alisoma mara tatu, kidole kikifuata maneno. Kuthibitisha? Nani alimwambia athibitishe? Alimpigia mwalimu. Mwalimu akasikiliza, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Mama Soli, usiniambie uliandika anwani ya darasa."

"Niliandika ipi nyingine?"

"Hiyo barua ya kuthibitisha ilikuja kule. Lakini lile sanduku mimi hulifunga kila darasa likimalizika, kwa usalama. Nimelifunga Ijumaa. Halirudi tena."

Mwalimu alikuwa mtu mwema, akaenda kuuliza. Jioni alirudi na jibu kutoka kwa fundi bomba. Mzee yule alikiri bila wasiwasi: ndiyo, aliiona barua moja ndefu ya lugha asiyoielewa, pamoja na nyingine kama sitini, akazifuta zote. "Sanduku lilikuwa limejaa," alisema. "Mimi nikiona kitu kimejaa, nazibua."

Antena alifika wakati habari hizo zikiwa bado moto. Kila mtu alingoja aseme. Mtu aliyeambiwa habari za nguo ya kuazima mbele ya mpwa wake, na sasa aliyemwambia amekutwa amevaa ya watu kumi na tisa!

Mama Soli alimtangulia. "Sema tu, baba. Nimeazima tena. Wewe nilikukataa, nikaenda kuazima kwa mzibua mabomba."

Antena alitazama bango la buluu juu ya mlango, kisha kalibu ukutani. Palikuwa na ile ya mtoto wa miaka tisa, mpya, bado nyeupe. "Sisemi," alijibu. "Mimi niliipoteza laini kwa sababu sikuuliza kitu. Wewe uliuliza maswali manne. Mpigie yule dada wa mafua."

"Saa hizi wamefunga."

"Basi asubuhi. Na mimi nitakuwepo."

Usiku ule Mama Soli hakuomba sana. Alipiga magoti, maneno yakamkauka, akasema tu: "Ni uzembe wangu. Mtoto wa watu asilipie." Akalala.

Alhamisi saa mbili kamili walikuwa watatu mezani. Dada alipokea, na mafua yake yalikuwa yameisha.

"Hatua Sawa? Aaa, mama wa swali la nne! Nilimsimulia mkuu wangu, siku hizi ametuandikia jibu lake ukutani. Nikusaidie nini?"

Mama Soli alimweleza yote, bila kuficha darasa wala fundi bomba. Upande wa pili palisikika kicheko kilichozuiwa kwa mkono, halafu vidole juu ya kompyuta.

"Sawa. Kwanza, fungua anwani ya barua pepe ya kwako peke yako. Si ya binti, si ya darasa. Neno lake la siri ulijue wewe. Pili, nitumie picha ya kitambulisho na stakabadhi. Ukimaliza nitakupigia. Na mama, fanya leo. Baadhi ya mambo huchukua muda kufunguka."

Kitinda alinyoosha mkono achukue simu aandike haraka. Mama Soli akauzuia. "Hii naifungua mwenyewe. Ndiyo niliyosomea." Ikawa kazi ya saa nzima. Alikosea neno la siri mara mbili, akaambiwa ni fupi, akaambiwa ni dhaifu. "Dhaifu?" alinguruma. "Nimetia jina la mume wangu!" Antena alitoka nje kucheka, kwa heshima. Mwishowe neno likakubali. Mama Soli aliliandika kwenye daftari, daftari akalitia kwenye bati la gundi lisilo na gundi, akamwonyesha Kitinda mahali.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

Simu ililia saa sita kasorobo. "Tayari nimepata picha. Sasa nitajie majina yako kama ulivyoyaandika siku ya kwanza. Majina yote."

Mama Soli alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame, lakini alisimama wima kama mtoto wa shule aliyeitwa kwenye orodha, aproni imejaa vumbi la mpira, akayataja majina yake matatu moja baada ya jingine, yale ambayo mtaa mzima uliyasahau. Upande wa pili vidole vikapiga kompyuta tena. Antena aling'ata kucha. Kama siku ile wangemsikiliza yeye, pale kwenye kitabu pangeandikwa Mama Soli, na kitambulisho gani duniani kina jina hilo?

"Yanalingana," alisema dada. "Ni wewe."

Mama Soli alikaa chini ghafla, kiti kikalia. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Nimekutumia barua kwenye anwani yako mpya," dada aliendelea. "Ifungue, bonyeza maneno ya buluu. Mara moja tu. Kisha subiri, yaweza kuwa saa moja, yaweza kuwa mpaka kesho asubuhi."

Barua ilikuwepo, peke yake ndani ya sanduku jipya, kama mgeni wa kwanza kwenye nyumba isiyo na viti. Mama Soli alibonyeza. Baada ya hapo walifungua ukurasa kila baada ya kiatu. Mweupe. Mweupe. Saa kumi alasiri Antena, aliyekuwa ametumwa gundi, alipiga kelele barabarani mpaka wapita njia wakageuka: "Viatu! Viatu vimerudi! Navionaaa!" Alikuwa ameshika simu juu kama mtu anayetafuta mawimbi. Kitinda alikimbia nje. Mama Soli alibaki ndani, paji la uso limelala juu ya meza ya kazi, akinusa ngozi na kucheka peke yake, na kila alipotaka kusema asante ilitoka pumzi tu.

Ijumaa mchana daktari wa viungo alifika na karatasi zake mkobani. Mama wa binti wa miaka tisa naye alikuwepo, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuchukua viatu vipya. Mtoto alivaa, akasimama. Mama Soli alimwekea pima maji mabegani, akapiga jicho, akaiondoa. Mtoto alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Safari ya pili alikwenda mbio.

Antena alikuwa amesimama karibu na kalibu. Alikohoa. "Mama," alimwambia mzazi wa mtoto, "ile namba ya kuku ilikuwa ya jina langu. Mimi ndiye niliyeiacha ikafa. Sijawahi kukuambia."

Mama yule alimtazama. "Mara moja nilinunua kuku kweli," alisema. "Alikuwa mgumu kama hiyo soli." Walicheka wote, Antena akiwa wa mwisho, na alicheka huku anajifuta macho.

Daktari alifungua tovuti kwenye simu yake, akaisoma yote, hata ramani. Akamuuliza Mama Soli kama ni kweli kwamba juzi ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameifungua akaona ukurasa mweupe.

"Ni kweli," alisema Mama Soli. "Niliandika anwani ya kuazima. Nimeiondoa."

Daktari alitoa kalamu, akaiweka juu ya karatasi, hakuandika. "Karatasi hii itakwenda kwa watu mia kadhaa. Wengine watatoka mbali wamebeba watoto. Nitaiandika, lakini sitaki uniahidi mimi. Mwahidi mama huyu, aliyepiga simu miezi minane. Na sisi tusikie."

Mama Soli alifuta mikono kwa aproni, akaenda akasimama mbele ya mama na mtoto. Akamwita Kitinda aje asimame kando yake, na Antena upande wa pili.

"Mbele ya Mungu, na mbele ya daktari, na shemeji yangu, na mwanangu huyu," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barazani, "jina hili ni langu kwa majina yangu matatu, na nitalilipia kila mwaka kabla mwezi wa nne haujaisha. Funguo zake Kitinda anajua zilipo. Siku nitakayoondoka mimi, yeye ataandika majina yake hapo hapo. Mtoto wako akikua kiatu kikambana, au mtoto wa mtu yeyote, mkiita Hatua Sawa, mtatukuta. Naahidi: mtatukuta."